Ripoti za meli kubwa: mchimbaji anaandikwa wapi?

Mfuko wa kasiterite ukitoka shimoni, sisi watu wa Kivu ya Kusini tunajua karatasi zake: etiketi, daftari la negosia, cheti cha CIRGL. Lakini iko karatasi nyingine inayoandikwa mbali, kwenye ofisi za makampuni ya meli huko Ulaya. Hiyo nayo inaweza kugusa bei ya mfuko, hata kama hakuna aliyekuja kutuambia.

Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayoitwa kwa kifupi CSRD. Inalazimisha kampuni kubwa kuandika kila mwaka siyo faida tu, bali pia moshi zinaoutoa, maji zinayochafua, na namna wanavyoishi watu wanaotumika kwao. Tena haiishii kwa wafanyakazi wenye mkataba. Kampuni inatakiwa kuangalia hata wale walio mbali katika mnyororo wa kazi: dereva wa lori, mbeba mizigo wa bandarini, mtu wa boti. Mkaguzi wa nje lazima apitie kilichoandikwa. Ripoti za kwanza zilitoka mwanzoni mwa 2025, juu ya mwaka 2024. Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake yanapita Dar es Salaam, ni mmoja wa waliotoa.

Mtu wa shimo atauliza: hiyo mambo ya Wazungu inanihusu nini?

Tuanze na mafuta. Tangu 2018, meli yenye ukubwa wa zaidi ya tani 5,000 inayoingia bandari za Ulaya inapima moshi wake na kuutangaza. Tangu Januari 2024, kampuni inalipia moshi huo. Makampuni makubwa hayakubeba gharama hiyo peke yao: yaliongeza kitu kwenye fakturi ya mwenye mzigo. Mwenye mzigo naye anatafuta mahali pa kurudisha makuta yake. Toka kwake mpaka kontwari, toka kontwari mpaka negosia, toka negosia mpaka PDG wa shimo. Kila mmoja anasukuma mzigo kwa aliye chini yake, na aliye chini kabisa hana wa kumsukumia. Mama anayetwanga mawe hawezi kuandikia mtu fakturi.

Jambo la pili tumekwisha kulionja. Julai 2010 Marekani ilitia sahihi sheria ya Dodd-Frank, ile ambayo huku kwetu inaitwa “Loi Obama”. Iliomba kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au inchi za jirani, na kama yanalisha vita. Nia ilikuwa nzuri. Lakini wanunuzi wengi waliona ni rahisi kuondoka kuliko kuchunguza. Septemba mwaka ule ule Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Wakaaji wanakumbuka ile miezi: watoto walirudishwa nyumbani juu ya minervali, madeni ya unga yalijaa kwenye maduka. Wenye bunduki hawakuondoka. Walioondoka ni wateja.

Ndiyo maana tunaangalia hizi ripoti za meli kwa macho mawili. Kampuni inayotaka ripoti safi ina njia mbili. Inaweza kubaki, iulize, isaidie kurekebisha. Au inaweza kukataa mizigo ya upande wetu, halafu iandike kwamba haina shida yoyote. Kwenye karatasi njia ya pili inaonekana safi zaidi. Kwenye chungu cha jikoni, hapana. Mwongozo wa OCDE juu ya madini unasema wazi kwamba si kila hatari ni sababu ya kukimbia: nyingine mnunuzi anaweza kuzipunguza huku akiendelea kununua.

Mwaka 2025 Ulaya yenyewe ilianza kurudi nyuma. Februari, Tume ya Ulaya ilipendekeza sheria ibaki kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 tu. Aprili, kampuni nyingi zilizokuwa zikingoja zamu yao ziliongezewa miaka miwili. Wenye viwanda walilalamika kwamba makaratasi ni mengi. Hatusemi wanadanganya. Tunasema tu kwamba mchimbaji hakuulizwa wakati sheria inakuja, na ilipoanza kulegezwa hakuulizwa tena.

Na hapa ziwani? Tangu Bukavu ianguke Februari 2025, maji yamekuwa barabara kwa watu wengi wa Uvira, Baraka na Fizi. Familia zilikimbilia Kalemie kwa boti. Mifuko ya saruji, unga na mazutu vinapita kwenye maji haya haya. Boti ya mbao haifiki tani 5,000, wala haitaona bandari ya Ulaya. Hakuna anayeiomba ripoti ya moshi. Sawa. Lakini ripoti ya watu je? Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Katanga, watu zaidi ya 120 wakafa. Boti ikizama bila orodha ya abiria, familia zinabaki kuhesabu waliokosekana kwa kuulizana majina.

Kwa hiyo tunasema: hesabu ya ukweli inaanza kwetu, isingoje Copenhagen. Mambo matatu yanawezekana bila sheria mpya ya mtu yeyote.

Kwanza, koperative ilombe kuona. Negosia akisema bei imeshuka juu ya gharama za meli, aonyeshe fakturi: shilingi au dola ngapi, kwa tani ngapi, kwa njia gani. Mfuko usiokwenda Ulaya haustahili kukatwa ushuru wa moshi wa Ulaya.

Pili, koperative iweke daftari lake: kilo, tarehe, bei, jina la mnunuzi, ajali zilizotokea. Siku mkaguzi akiuliza watu wa mnyororo wanaishije, jibu lisitoke kwa mwenye gari peke yake.

Tatu, pale Kalundu na vivuko vyote, mtu asipande kabla jina lake halijaandikwa na jile haijawa mkononi. Nakala ya orodha ibaki inchi kavu. Orodha inayosafiri na boti inazama na boti.

Hayo yanagharimu daftari, kalamu na dakika kumi. Wakubwa wa bandari na wa koperative wanaweza kuanza na safari ya kesho.