Mwembe, Duka na Sigara

Leo nasema hasa nanyi wa Msowero, lakini wenzenu wote wa Wilaya ya Kilosa wasikilize pia. Fungueni ukurasa wa somo, tusome pamoja polepole. Anayefuata maneno kwa kidole asione haya.

Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali baada ya darasa. Alisema, "Mwalimu, nimeacha sigara mara nne. Nikiwa nyumbani siitamani. Lakini nikifika pale mwembeni, nikawakuta wenzangu wamekaa, nashtuka nina sigara mkononi. Je, mimi ni mtu dhaifu?"

Nilimjibu kwamba si dhaifu. Sababu yake ndiyo somo letu la leo.

Katika moshi wa tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu akivuta, nikotini hufika ubongoni upesi, katika sekunde 10 hivi, naye huona raha kidogo. Raha hiyo haikai, basi hutaka nyingine. Tena ubongo haukumbuki sigara peke yake. Hukumbuka mahali, saa na watu. Kahawa ya asubuhi, harufu ya kibiriti, kicheko cha rafiki, vyote huwa kama kengele ya shule: ikilia tu, watoto hukimbia kwenye mstari bila kuitwa mmoja mmoja.

Aliyeacha huona taabu sana siku za kwanza. Huwa na hasira, hukosa usingizi, hula kuliko kawaida. Taabu hiyo hupungua baada ya majuma machache. Lakini kengele ingali imetundikwa pale mwembeni.

Jambo hili lilionekana wazi katika nchi ya mbali, tena kwa dawa nyingine, heroini. Askari wengi wa Marekani waliizoea dawa hiyo vitani Vietnam. Walipokuwa wakirudi kwao, mwaka 1971, wakubwa waliogopa kwamba wataendelea nayo. Mtafiti mmoja, Bibi Lee Robins, aliwafuatilia. Aliona kwamba katika kila 100 waliokuwa wamefungwa na dawa ile, kama 5 tu walifungwa nayo tena katika mwaka wa kwanza. Sababu hazikuwa moja, lakini mojawapo ilikuwa hii: vita, kambi na wenzao wa kule walikuwa wameviacha nyuma.

Mimi mwenyewe nilivuta miaka 6. Niliacha nilipohamishwa kituo cha kazi, nikafika ofisi ambayo hakuna aliyevuta wakati wa chai. Wakanisifu kwa moyo mgumu. Ukweli ni kwamba nilihama tu.

Ninyi mna mashamba na watoto hapa, hamwezi kuhama kwa ajili ya sigara. Basi itazameni njia yenu ya kila siku. Dukani sigara huuzwa moja moja, na kibiriti cha gesi kimefungwa kamba pale pale, hata asiye na fedha ya pakiti anavuta. Kilabuni, aliyekunywa husahau ahadi ya asubuhi. Msibani wanaume hukaa nje usiku kucha na sigara huzunguka. Shambani, anayelinda mpunga usiku huvuta ili asilale na mbu wasimsumbue. Huyo wa mwisho namhurumia kuliko wote, maana yuko peke yake na usiku ni mrefu. Afadhali walinde wawili wawili, wapige hadithi.

Sasa jirani afanye nini? Rafiki yako akisema ameacha, usimpe sigara kwa mzaha, wala usimwulize kama ameokoka. Mwenye duka anaweza kuziweka sigara chini, zisikae machoni, na kuifungua ile kamba. Kwa mtoto asiuze kabisa: sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, walikataza hata kuuza sigara moja moja. Na wewe baba, unapomtuma mtoto dukani akuletee sigara, unamfundisha njia ya kwenda huko.

Nyumbani msivute ndani. Moshi huwadhuru walio karibu, hasa watoto wachanga, na aliyeacha akilala penye harufu ile hatasahau.

Faida ipo. Mtu akikaa mwaka mmoja bila kuvuta, hatari ya ugonjwa wa moyo unaoletwa na sigara hupungua kiasi cha nusu.

Yule mwanafunzi aliwaeleza wenzake wa mwembeni. Wawili walicheka. Mmoja alisema naye anataka kuacha, ila aliona haya kuanza. Siku hizi hao wawili hupitia njia ya mtoni, ingawa ni ndefu.

Kazi ya nyumbani: chora njia yako tangu nyumbani hadi shambani. Penye mahali ambapo wewe au ndugu yako hutamani sigara, andika jina la mahali hapo. Asiyevuta aandike mahali anapoweza kumsindikiza mwenziwe. Maneno mapya ni nikotini, ubongo, jirani na sheria. Yaandikeni mara tatu tatu. Leteni karatasi zenu Jumatano.