Kompyuta Imepona, Vilivyomo Vimekwenda

Mtu akipeleka cherehani kwa fundi, atakalo ni cherehani irudi ikishona. Kompyuta si hivyo. Chombo chenyewe chanunuliwa dukani wakati wowote, lakini vilivyomo havina duka: picha za arusi, barua za kiwanja, hesabu za biashara, vyeti vya watoto, sauti za wazee waliotangulia mbele ya haki. Ndiposa nimeona leo tuzungumzie jambo linalowaliza wengi na ambalo huishia barazani: kompyuta kwenda kwa fundi mbovu, ikarudi nzima lakini tupu.

Limetufika hata sisi. Laptopu ya dada yangu iligoma kuwaka; ikifika kwenye nembo ya Windows ilibaki kuzunguka tu. Akaipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akamwambia arudi kesho. Kesho yake ikawaka upesi kama mpya, na ndani hamna kitu. Mlikuwa na rekodi za marehemu baba, zaidi ya saa mbili, akieleza nasaba yetu na mipaka ya shamba aliloliacha babu: mnazi upi ni wa nani, na jirani yupi alipewa njia ya kupita. Kwa sisi watu wa pwani, ambako familia nyingi zaishi kwenye ardhi bila hati, maneno kama hayo huenda siku moja yakahitajika mbele ya wazee au mahakamani. Fundi alipoulizwa alishangaa kwa dhati. "Dada, si uliniambia nitengeneze? Nimetengeneza."

Mzizi wa tatizo ni hapo. Mteja akisema "tengeneza" ana maana arudishiwe vitu vyake. Fundi akisikia "tengeneza" aelewa mashine iwake. Na njia ya haraka ya kuwasha mashine ambayo Windows yake imeharibika, au iliyoingia virusi, ni kuifomati diski na kuweka Windows mpya. Kutafuta hasa kilichoharibika kwaweza kumla siku nzima, na malipo ni yale yale. Hivyo wengi huchukua njia fupi, si kwa ubaya, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia wasifanye hivyo.

Sasa tuelewe kinachotokea diski ikifomatiwa. Chukulia diski kuwa ghala, na mlangoni pana daftari lionyeshalo kila mzigo uko wapi. Ukifuta faili, au ukifomati kwa njia ya haraka, kwa kawaida linalofutwa ni daftari, si mzigo. Mzigo wabaki ndani mpaka uletwe mwingine uwekwe juu yake. Ndiyo maana yawezekana kuokoa faili zilizofutwa. Lakini Windows mpya ni mzigo mkubwa wa gigabaiti nyingi, na popote inapokaa, kilichokuwa chini yake hakirudi tena.

Hayo ni ya diski za zamani, zile zenye sahani zinazozunguka ndani. Laptopu nyingi za siku hizi zatumia diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka. Hizi zina tabia nyengine: faili ikifutwa, kompyuta huiarifu diski kwamba nafasi ile haina kazi tena, nayo diski huisafisha yenyewe, pengine baada ya muda mfupi tu. Kwa hivyo kuokoa kilichofutwa kwenye SSD ni kugumu zaidi.

Mkasa ukikupata, la kwanza ni kuizima kompyuta na kuacha kuitumia. Kila dakika inapowaka yaandika vitu vyake kwenye diski. Usiweke programu ya kuokoa faili ndani ya diski ile ile iliyopoteza, kwani waweza kuwa wafukia unachokitafuta. Diski itolewe na isomwe kwa kompyuta nyengine. Na ikiwa ni diski ya sahani na yatoa mlio wa kugongagonga, usiiwashe tena kujaribu bahati. Kila ukiwasha waongeza madhara.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Haya ndiyo ninayowashauri watu wafanye kabla ya kuiacha kompyuta kwa fundi.

Kwanza, nakala. Wataalamu wana kanuni rahisi: nakala tatu za kila kitu cha thamani, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Hapa kwetu kuna chumvi ya bahari, unyevu, na stima inayopotea na kurudi kwa kishindo. Kompyuta pekee si mahali pa kuweka kumbukumbu ya ukoo mzima. Hata flashi moja iliyoko kwa shangazi Malindi yaweza kukuokoa.

Pili, uliza swali moja: je, ubovu huu wahusu diski? Kioo kilichopasuka, kibodi au tundu la chaja havihusiani nayo. Laptopu nyingi diski yake hutoka kwa kufungua skrubu chache, basi mwambie fundi akutolee mbele yako, ubaki nayo.

Tatu, andikianeni. Karatasi moja yatosha: aina ya kompyuta na nambari yake, ubovu wenyewe, na maneno haya: "Usifute wala kufomati chochote kabla ya kunipigia simu." Nyote wawili mtie sahihi, na uipige picha.

Nne, hakikisha kama diski yako imefungwa kwa BitLocker. Kompyuta nyingi mpya za Windows hujifunga zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Fundi akibadilisha bodi kuu, mashine yaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo faili zipo lakini hazifunguki. Ufunguo mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute na uuandike kabla ya safari ya kwa fundi.

Tano, staha. Kuna kupoteza kwa kufutiwa, na kuna kupoteza kwa kuchukuliwa. Picha za kina mama kwenye kupamba, walikokaa bila buibui kwa kuamini kuwa wako wenyewe kwa wenyewe, si za kuonwa na kijana wa dukani. Mwaka 2008 huko Hong Kong, picha za faragha za mwigizaji Edison Chen zilienea duniani baada ya kompyuta yake kupelekwa kutengenezwa, na fundi aliyezichukua akafungwa. Hivyo hamisha vitu vya siri kabla, toka kwenye barua pepe zako, na usitoe nywila ikiwa kazi haiihitaji.

Sheria nayo iko upande wako. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo haizungumzii wizi wa data pekee. Inapoeleza ukiukaji wa usalama wa data, yataja pia data kupotea au kuharibiwa, hata kwa bahati mbaya. Aliyedhulumiwa aweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data, na sheria yataka yachunguzwe na kumalizwa kwa siku 90. Ile karatasi mliyotia sahihi ndiyo itakayokuwa ushahidi wako.

Kwa ndugu zetu mafundi, najua kazi yenu ni ngumu na wateja hubishania hata shilingi 50. Lakini mtu akikuachia kompyuta amekuachia amana, na amana hurudishwa kama ilivyopokewa. Wekeni hizo fomu kaunta, na kabla ya kubonyeza kufomati, pigeni simu. Simu ya dakika moja ni rahisi kuliko kumwambia mtu kwamba sauti ya babake haipo tena.