Hadhi ya kitaaluma katika masomo ya uzamili (Marekani)

Hadhi ya kitaaluma ni hali ya mwanafunzi kimasomo mbele ya chuo chake: kama yuko salama, kama amewekwa chini ya uangalizi, au kama ameondolewa masomoni, jambo ambalo wanafunzi wa Tanzania huliita kudisko. Makala hii inahusu vyuo vikuu vya Marekani katika ngazi za uzamili na uzamivu. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki husoma huko, na masharti ya alama ni makali kuliko wengi wao wanavyotazamia.

Wastani wa alama

Kila gredi ina pointi zake: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na F ni 0. Vyuo vingi huongeza gredi za katikati, kama vile A- (3.7), B+ (3.3), B- (2.7) na C+ (2.3). Pointi huzidishwa kwa krediti za somo, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Jibu ndilo wastani, yaani GPA.

Katika shahada ya kwanza mtu mwenye wastani wa 2.0 kwa kawaida huendelea na masomo. Katika uzamili kiwango kilichozoeleka ni 3.0, maana yake B ndiyo sakafu. Hapa ndipo mgeni hukosea. Huona B- akafurahi kwamba amefaulu, kumbe gredi hiyo inamshusha. Aliyezoea mizani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako A ni pointi 5, anapaswa kuisahau kabisa asije akalinganisha namba zisizolingana.

Uangalizi

Wastani ukishuka chini ya 3.0, mwanafunzi hupewa barua ya kuwekwa chini ya uangalizi, mara nyingi kwa muhula mmoja au miwili. Uangalizi si adhabu ya nidhamu. Ni muda wa kujirekebisha, lakini muda wenyewe ni mfupi na hesabu yake haina huruma.

Tuchukue mwanafunzi aliyesoma masomo matatu ya krediti 3 kila moja, akapata B, B- na C+. Pointi zake ni 24 kwa krediti 9, wastani 2.67. Muhula unaofuata anasoma krediti 9 nyingine. Ili afikie 3.0 katika krediti 18 anahitaji pointi 54, kwa hiyo muhula huo peke yake lazima umpe pointi 30. Akipata B+ katika masomo yote matatu, matokeo ambayo mwalimu yeyote angeyasifu, atakuwa na pointi 29.7 tu, na wastani wake utakuwa 2.98. Pale ambapo chuo hakikadirishi namba kwenda juu, huyo bado hajavuka. Angehitaji walau A- moja badala ya B+ mojawapo.

Kadiri krediti zinavyolundikana ndivyo wastani unavyokuwa mgumu kusogea. Mwenye 2.8 baada ya krediti 27 anahitaji wastani wa 3.6 katika krediti 9 za mwisho. Ndiyo maana barua ya kwanza ya uangalizi inafaa kushughulikiwa wiki ileile. Kurudia somo nako kusitegemewe bila kuuliza, maana katika uzamili vyuo vingi huhesabu gredi zote mbili, ya zamani na mpya. Gredi ya muda inayotolewa kwa kazi isiyokamilika inaweza kugeuka F tarehe ya mwisho ikipita.

Kwa mwanafunzi wa uzamivu alama za darasani ni sehemu ndogo ya habari. Anaweza kuwa na wastani wa 3.9 na bado akawa hatarini kwa sababu ameshindwa mtihani wa kustahili kuandika tasnifu, au kamati imeona kwamba utafiti hausogei, au msimamizi wake amejitoa na hakupatikana mwingine. Maamuzi ya aina hii hutegemea maoni ya watu wachache, na kwa hiyo kumbukumbu za maandishi za kila kikao na msimamizi zina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kupinga gredi

Njia ya kawaida huanza kwa mwalimu wa somo, kisha mkuu wa idara, kisha mkuu wa shule ya uzamili au kamati ya rufaa. Muda wa kulalamika huwekwa na chuo na huweza kuwa wiki chache tu. Vyuo vingi vina pia msuluhishi asiye upande wowote, ambaye husikiliza kwa siri na kueleza taratibu, ingawa hana mamlaka ya kubadili gredi.

Hoja zinazosikilizwa ni chache: makosa ya kujumlisha, kusahihisha kinyume na yaliyoandikwa katika muhtasari wa somo, kutumia kipimo tofauti kwa mwanafunzi mmoja, au ubaguzi. Kusema kwamba insha ilistahili A badala ya B hakufiki popote, kwani hiyo ni hukumu ya mtaalamu. Hata sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi, inayompa mwanafunzi haki ya kuona faili lake ndani ya siku 45 tangu aombe, humruhusu kudai gredi iliyonakiliwa vibaya isahihishwe, si kudai gredi bora.

Mahakama

Mahakama za Marekani zimesita sana kuingilia. Katika kesi ya Charlotte Horowitz, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, mitihani ya kuandika haikuwa tatizo. Alilaumiwa kwa kazi yake wodini, kuchelewa na usafi wa mwili. Aliwekwa chini ya uangalizi, kisha madaktari saba wa nje wakaombwa wampime. Wawili walipendekeza ahitimu kwa wakati wake, wawili aondolewe mara moja, na watatu asihitimu mwaka ule bali abaki chini ya uangalizi. Hata hivyo chuo kilimwondoa. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuondolewa kwa sababu za kitaaluma hakuhitaji kikao rasmi cha kusikilizwa, tofauti na makosa ya nidhamu. Ilitosha kwamba alionywa na kwamba uamuzi ulifanywa kwa uangalifu.

Mwaka 1985 mahakama hiyohiyo ilimkatalia Scott Ewing wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyenyimwa nafasi ya kurudia mtihani wa kitaifa ingawa wanafunzi wengine waliofeli walikuwa wameruhusiwa. Majaji walisema uamuzi wa walimu hautatenguliwa isipokuwa umeacha mbali kabisa desturi za kitaaluma. Katika kesi ya Horowitz angalau palikuwa na mlolongo wa maonyo. Hili la Ewing ni gumu zaidi kulimeza.

Ufadhili na viza

Nafasi za usaidizi wa kufundisha na utafiti kwa kawaida hudai hadhi nzuri, hivyo uangalizi unaweza kukata posho kabla haujamwondoa mtu masomoni. Kwa mwenye viza ya F-1, uangalizi peke yake haumharibii hali yake ya uhamiaji, ilmradi anaendelea kusoma kwa muda wote. Kuondolewa ni jambo jingine: chuo hulazimika kuiarifu serikali kupitia mfumo wa SEVIS. Aliyepata idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuacha masomo mapema huwa na siku 15 za kuondoka nchini, ilhali aliyehitimu hupata siku 60. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa kigeni anayekata rufaa hutakiwa kuonana na ofisi hiyo kabla uamuzi haujatoka.