Jino Zima Lang'olewa, Maumivu Yabaki Palepale

Namoto ni kijiji kilichoko upande wa kusini wa mto Ruvuma, katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Ng'ambo yake ni Kilambo, mkoani Mtwara. Watu wa hapo hunena Kimakonde, Kimwani na Kiswahili, ilhali lugha ya ofisi za serikali ni Kireno. Mtu akiugua, njia zake ni mbili: ashike ya kusini hadi Palma, au angoje maji yajae mtoni, avuke kwa mtumbwi na kufuata barabara ya Mtwara mjini.

Ugonjwa ukiwa ni homa au mguu uliovunjika, safari hiyo haihitaji maelezo mengi. Lakini yapo maradhi ambayo hayamwonyeshi mtu kuwa ni mgonjwa, nayo ni maumivu ya uso yanayodumu miezi na miaka pasipo uvimbe, jeraha wala homa. Mume humtazama mkewe akamwona mzima. Kamanda humtazama askari wake akamwona mzima. Mwenyewe hushika shavu, akanyamaza, kwani ameshachoka kueleza.

Wa kwanza kushukiwa ni jino. Husemwa limeingia mdudu, likang'olewa. Maumivu yakibaki hung'olewa la pili, na la tatu, hata mgonjwa akawa kibogoyo wa upande mmoja wa kinywa ilhali meno aliyopoteza yalikuwa mazima. Kosa hili si la vijijini peke yake; limetendeka hata katika nchi zenye hospitali kubwa, na chanzo chake chaeleweka. Karibu hisia zote za kila upande wa uso hubebwa na mshipa mmoja wa fahamu, ambao waganga huuita wa tano, nao una matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Meno nayo hutumia matawi hayohayo. Mshipa ukiudhika karibu na ubongo, mgonjwa huweza kuapa kwamba ni jino la gego linalomuua.

Ugonjwa wa mshipa huo una tabia zake. Mwaka 1773 daktari John Fothergill wa London aliueleza, na maelezo yake hayajachakaa. Maumivu huja ghafla kama radi, upande mmoja wa uso, hukaa sekunde chache au hata dakika mbili, kisha hutoweka kana kwamba hayakuwapo. Huamshwa na mambo madogo: kutafuna, kupiga mswaki, upepo wa bahari kugusa shavu. Mwenye kutawadha huogopa maji ya kunawia uso. Askari, ambaye kanuni humtaka anyoe ndevu kila asubuhi, huenda akaonekana gwarideni kanyoa shavu moja tu, na aliye juu yake akadhani ni utovu wa nidhamu. Aghalabu huwapata waliovuka miaka 50, wanawake zaidi kuliko wanaume.

Hapa ndipo lugha inapokuwa sehemu ya tiba. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ugonjwa huu. Daktari huujua kwa kusikia. Kusema "uso unauma" hakumsaidii. Kiswahili kina hazina kubwa: maumivu huchoma, huwaka, hufukuta, huwanga, hupwita. Yanayochoma mara moja na kuacha, kama kupigwa na umeme, huelekeza kwenye mshipa wa tano. Yanayopwita pamoja na uvimbe na homa huelekeza kwenye usaha wa jino, na huyo afikishwe hospitali upesi. Yanayowaka mahali palipokuwa na malengelenge huelekeza kwenye mkanda wa jeshi, ugonjwa ambao jina lake tu huwafanya askari wacheke, ila aliyeupata usoni hacheki. Mtu wa Namoto anayeweza kuyasema haya kwa lugha yake, au aliyefuatana na ndugu wa kumfasiria kwa Kireno, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya daktari.

Dawa za kawaida za maumivu haziufai ugonjwa wa mshipa, na kuzimeza kutwa kucha huharibu tumbo na figo. Iliyofaa ilitoka kusikotazamiwa. Kabamazepini, ambayo wengi huijua kwa jina la Tegretol, iliundwa mwaka 1953 katika kampuni ya Geigy nchini Uswisi, nayo ni dawa ya kifafa. Mwaka 1962 daktari Blom wa Sweden akatangaza kwamba inatuliza maumivu haya. Huanzwa kidogokidogo, kisha huongezwa. Huleta usingizi na kizunguzungu, hivyo dereva na mshika silaha sharti wamweleze mkubwa wao. Vipele vikizuka mwilini, mgonjwa arudi kwa daktari siku hiyohiyo. Hupunguza pia nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na za baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi, kwa hiyo daktari aambiwe kila kinachomezwa. Ikishindwa, upo upasuaji wa kutenganisha mshipa wa fahamu na mshipa wa damu unaougandamiza, njia iliyoenezwa na Peter Jannetta wa Marekani tangu miaka ya 1960.

Wako wengine ambao maumivu yao hayafanani na radi. Hufukuta kila siku, saa kwa saa, bila mpaka maalumu, na daktari hupima meno, pua na macho asione kitu. Sababu yake haijulikani hata leo. Hawa si waongo. Amitriptilini kiasi kidogo usiku huwapunguzia baadhi yao, baada ya majuma kadhaa. Kisu na koleo huwaongezea. Wakweli miongoni mwa madaktari huwaahidi nafuu, si kupona.

Katika nchi ya Wamakonde wazee wachache waliobaki wangali na nyuso zilizochanjwa kwa wembe wakiwa vijana, na kuvumilia wembe huo kulikuwa heshima. Ndiyo maana mwenye kulia kwa uso usio na alama huona haya. Tena, Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, maelfu walikimbia, wengine wakielekea Ruvuma, na huduma za afya wilayani zikavurugika. Katika msiba kama huo nani angethubutu kulalamikia shavu?

Apatiwapo kabamazepini, mgonjwa asiikatize ghafla, hata akijiona mzima. Anayeichukulia Mtwara na kuishi Namoto ahesabu vidonge vyake mapema, asingoje kile cha mwisho, maana mtumbwi hungoja maji yajae.