Mafuta ya harufu hayayeyushi saratani

Ukimuuguza mtu mwenye saratani, huenda jirani au mwuza duka amekushauri umnunulie kichupa cha mafuta ya lavenda, mkaratusi au tangawizi. Wengine huahidi hata kwamba uvimbe utayeyuka na mgonjwa hatahitaji upasuaji. Je, ukweli ni upi?

Tiba hii ya harufu huitwa aromatherapia, jina lililoenezwa na mkemia wa Ufaransa, René-Maurice Gattefossé, katika kitabu chake cha mwaka wa 1937. Mafuta hutolewa kwenye maua, majani au mizizi, kisha mgonjwa huyanusa au hukandwa nayo.

Fahamu hili kwanza: hakuna mafuta ya kunusa wala kupaka yaliyothibitishwa kuponya saratani. Uvimbe wa titi ukigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika. Ukikaa nyumbani miezi kadhaa ukiupaka mafuta, unaweza kusambaa hadi kwenye mifupa, mapafu au ini. Hapo hata daktari hodari kwa kawaida hataweza kuuponya kabisa.

Hata hivyo, mafuta haya yana nafasi yake. Saratani na matibabu yake huleta kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Wako wagonjwa wanaotulia wakikandwa polepole au wakinusa harufu waipendayo. Shirika la Cochrane lilipopitia tafiti 19 mwaka wa 2016, liliona ushahidi bado ni hafifu. Kwa hivyo yachukue kama kitulizo kinachoandamana na dawa za hospitali, si badala yake.

Ukiamua kuyatumia, zingatia haya:

1. Mwarifu daktari au muuguzi anayemtibu mgonjwa.

2. Mafuta haya hayanywewi. Mtoto akimeza mafuta ya mkaratusi, hata kidogo, anaweza kupata degedege. Yafungie kabatini, mbali na moto.

3. Usiyapake yakiwa makali. Changanya tone 1 na kijiko 1 cha chai cha mafuta ya nazi au alizeti. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku moja.

4. Usipake penye kidonda au ngozi inayotibiwa kwa miale. Usikande juu ya uvimbe, wala mguu uliovimba ghafla, kwani huenda damu imeganda ndani.

5. Mgonjwa akisema harufu inamkera, acha mara moja. Tibakemikali huweza kubadilisha pua yake, na harufu aliyoipenda jana ikamtapisha leo. Mwenye pumu naye awe mwangalifu zaidi.

Ikiwa mgonjwa wako ana maumivu makali, usimwachie kichupa tu avumilie. Ziko dawa za kutuliza maumivu, zikiwemo mofini, na wako wahudumu waliofunzwa kuzitoa. Nairobi Hospice, kwa mfano, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa kama hao tangu mwaka wa 1990. Muulize daktari wako akuelekeze kwenye kituo kilicho karibu nawe.