Ukiungua, saa iandikwe!

Jumapili moja jioni jirani yetu wa ploti alilipukiwa na gesi akipika chapati. Tukamkimbiza zahanati, nao wakatutuma hospitali kubwa. Barua tuliyopewa ilikuwa na maneno mawili tu: "Ameungua moto."

Daktari aliisoma, akaigeuza nyuma. Hakuna kitu. Akaniuliza mimi, "Aliungua saa ngapi?" Bahati nzuri simu yangu ilikuwa na jibu: nilimpigia mtu wa teksi saa moja na dakika kumi na mbili.

Nilidhani anajaza fomu tu. Kumbe anapiga hesabu ya dripu! Kanuni moja inayotumika sana kwa watu wazima ni mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia ya mwili iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 20 anakadiriwa lita 4.8 kwa saa 24. Nusu yake iingie katika saa 8 za kwanza, zikihesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali.

Asilimia nazo si za kubahatisha. Kwa mtu mzima, mkono mmoja ni 9, mguu mmoja 18, mgongo 18. Kiganja chake pamoja na vidole ni kama 1. Ngozi iliyokuwa nyekundu tu bila malengelenge haihesabiwi. Ukiijumlisha, 20 inageuka 40 na dripu inaongezeka maradufu. Maji yakizidi, mapafu yanaumia.

Halafu kuna misimbo. Katika orodha ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, T20 hadi T25 hutaja sehemu iliyoungua, na T31 hutaja ukubwa wake. Lakini karani hawezi kuweka msimbo wa kitu ambacho daktari hakuandika. "Ameungua moto" huishia T30.0, yaani hatujui wapi, hatujui kina. Ukija kudai bima na karatasi kama hiyo, utaeleza nini?

Kwa hivyo msee, mwenzako akiungua, mwagia kidonda maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Kisha angalia saa, kumbuka kilichomchoma, na kabla ya kuondoka zahanati isome ile barua. Ikiwa na maneno mawili tu, irudishe, waombe kwa heshima waongeze.

Jirani alipona. Siku hizi anapika chapati mlango ukiwa wazi.