Vidonge Vinne Visivyo na Jina

Siku moja nilikuwa katika kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele. Mama mumoja akafungua fundo la kikwembe chake, akatosha karatasi ndogo yenye vidonge vinne vya manjano. Akaniuliza: "Pasta, mutoto iko na homa tangu juzi. Hii nimupe ngapi?"

Nikageuza ile karatasi. Hakuna jina, hakuna tarehe. Muchuuzi alivitosha katika mukebe mukubwa, akavihesabu kwa mukono. Mimi ni mutu wa Biblia, si munganga. Nikamwambia, twende kituo cha afya.

Njiani nilikuwa nawaza habari ya Ituri, kule kaskazini ya inchi yetu. Tangu Desemba 2014 mpaka Agosti 2015, watu karibu 1000 waliugua huko, wengi wao watoto. Shingo zilikakamaa, uso na ulimi vikajikunja. Kwanza waganga walizania ni ugonjwa wa uti wa mugongo. Vidonge vilipopimwa, ikaonekana: mukebe uliandikwa diazepamu, lakini ndani mulikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Navyo vilikuwa vya manjano.

Lakini sheria iko, tena tangu zamani! Wabelgiji waliandika amri juu ya kazi ya farmasi katika mwaka 1933. Mwaka 1991 Serikali iliunda Chama cha Wafarmasia, ambacho kila mufarmasia anapaswa kuandikwa humo mbele ya kufanya kazi. Kisha ikaja sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya watu wote, na mwaka 2020 ofisi ya Serikali ya kuchunguza dawa, inayoitwa ACOREP. Maana yake ni hii: dawa si chumvi ao sabuni. Mutu aliyeisomea anapaswa kujua imetoka wapi, na kujibu kama imeumiza mutu.

Basi namna gani inauzwa pamoja na samaki wakavu? Wazee wa Likasi wanajua. Zamani mufanyakazi wa Gécamines alipata dawa kwa lopitali ya kampuni, yeye na bibi na watoto. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kazini katika mwaka 2003, jamaa nyingi zilibaki na soko tu. Muchuuzi naye anatafuta chakula cha watoto wake. Mimi siwezi kumutukana. Tena kule Ituri hata vituo vya afya vilitoa vile vidonge vya uongo. Kumufukuza mama wa soko peke yake hakungezuia kitu. Mikebe inapaswa kuchunguzwa mbele ya kufika kwetu, na hiyo ndiyo kazi tunayopaswa kuidai kwa Serikali bila kuchoka. Nawe, ukinunua, uliza: jina ni gani? Tarehe ya mwisho iko wapi?

Kule kituoni, mutoto alipimwa. Ilikuwa malaria, akapewa dawa yenye jina. Muuguzi akauliza kama alikuwa amekunywa kitu nyumbani. Mama akaweka ile karatasi juu ya meza. Muuguzi akaigeuza, sawa vile nilivyoigeuza mimi, naye hakuweza kusema ni dawa gani.